Bomba la Uganda likianza kazi, petroli ya Mwanza itashuka bei?

Swali: Mimi ni mama wa Igombe, nina mitumbwi mitatu ya dagaa yenye injini. Binti yangu ni mamalishe Kirumba, anapikia gesi ya mtungi. Kila giza la mwezi petroli inakula faida yangu yote. Nasikia bomba la mafuta la Uganda linapita huku kwetu Kanda ya Ziwa. Likianza kazi, bei itashuka? Na gesi ya Mtwara mbona haitufikii? Halafu kama Waganda wamepata mafuta kwenye ziwa lao dogo, sisi wenye ziwa kubwa tumekosa nini?

Jibu:

Shikamoo mama, na wabeja sana kwa kuuliza. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Bomba lile halitashusha bei ya petroli yako. Na gesi ya Mtwara siyo ile iliyomo kwenye mtungi wa binti yako. Najua si majibu uliyotaka kusikia. Nimefanya kazi kwenye maghala ya mafuta miaka mingi, na swali hili naulizwa stendi, kanisani, mpaka msibani. Nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu naona watu wetu wanasubiri nafuu mahali isikotoka, na kule inakoweza kutoka hakuna anayepatolea macho.

Bomba linaanzia Kabaale, wilaya ya Hoima, linakokusanya mafuta ya visima vya Tilenga na Kingfisher kando ya Ziwa Albert, na linaishia rasi ya Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwenye ardhi yetu. Linaingia nchini mkoani Kagera, linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara, hadi Tanga. Mikoa minane, na Mwanza haimo. Linalizunguka ziwa upande wa magharibi na kusini, kisha linatupa mgongo.

Lakini hata lingepita nyuma ya nyumba yako, usingechota humo kikombe cha kutia kwenye injini. Kinachosafiri ndani yake ni mafuta ghafi, tena ya aina ngumu. Niliwahi kushika chupa ya sampuli ya mafuta ya aina hiyo, asubuhi ya ubaridi. Ni meusi yanayoelekea ukahawia. Niliigeuza chupa kichwa chini, miguu juu, hayakumwagika. Yalikuwa yameganda kama samli ya kijijini. Tuliitumbukiza chupa kwenye maji ya moto, na baada ya dakika kadhaa yakaanza kuachia kwenye kioo, yakateremka polepole. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, ndiyo maana bomba zima linabidi lipashwe joto, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Hakuna bomba la kupashwa joto refu kuliko hili duniani. Vipande vyake vilivikwa koti la kutunza joto kwenye kiwanda kilichojengwa Sojo, wilayani Nzega, vikazikwa ardhini. Fikiria chupa ya chai, halafu iwe na urefu wa kutoka Hoima hadi baharini.

Mafuta ya namna hiyo hayawi petroli mpaka yapite kwenye kiwanda cha kusafishia, na Tanzania kwa sasa haina. Tulikuwa nacho kimoja, TIPER ya Kigamboni, kikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo matangi yake yanahifadhi mafuta yaliyokwisha kusafishwa nje. Kwa hiyo mafuta ghafi yakifika Chongoleani yatapakiwa kwenye meli na kuuzwa soko la dunia, na petroli yako itaendelea kuja kwa meli nyingine kutoka ng'ambo.

Sisi Watanzania tunapata nini, basi? Tunapata kitu, lakini hakiji sheli. Kila pipa litakalosafirishwa litalipiwa dola 12.77. Mtiririko uliopangwa ni mapipa 216,000 kwa siku, kwa hiyo ni kama dola milioni 2.76 kila siku. Fedha hizo zinaingia kwanza kwenye kampuni ya bomba. Humo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, shirika letu la mafuta, TPDC, lina 15, shirika la mafuta la Uganda lina 15, na CNOOC ya China ina 8. Kuna madeni ya kulipa, gharama za kuendesha, kisha ndipo kodi na gawio vionekane. Ni fedha ya Hazina. Inaweza kuja kwako kama barabara au dawa zahanati, ikisimamiwa vizuri. Na bado tunaisubiri: uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanyika Februari 2022, mafuta ya kwanza yakaahidiwa 2025, yakasogezwa 2026. Mabenki mengi ya nchi za Magharibi yalijitoa kwa sababu za mazingira na malalamiko ya haki za watu, na fungu la kwanza la mikopo lilitangazwa Machi 2025 tu, likitoka kwa mabenki kama Afreximbank na Standard Bank.

Sasa tuje kwenye dumu lako la lita 20, maana hapo ndipo panapouma.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Lile tangazo watu wengi huishia kusoma bei ya Dar es Salaam, lakini mna jedwali lenye bei ya kila mji na kila wilaya. Litafute, usome mstari wa wilaya yako. Bei ile imejengwa kwa tabaka. Chini kabisa ni bei ya mafuta yenyewe kwenye soko la Ghuba ya Uarabuni. Juu yake kuna malipo ya muuzaji, ya meli na ya bima, na yote hayo ni dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba, dumu lako linayumba nayo. Halafu bandari, halafu ushuru na tozo, ikiwamo ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa Julai 2023. Halafu faida ya muuza jumla na ya mwenye sheli. Na mwisho kabisa, safari ya kutoka bandarini hadi kwako.

Tabaka la kwanza halina mwenyewe hapa nchini. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, petroli ilivuka shilingi 3,000 nchi nzima, na serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Ilisaidia, lakini ruzuku inatoka kwenye kodi zetu wenyewe, haiwezi kuwa ya kudumu. Wewe na mimi hatuna tunachoweza kufanya juu ya vita vya watu wengine.

Tabaka la mwisho, lile la safari, hilo ni letu. Lori la mafuta linatoka Dar es Salaam kuja Mwanza zaidi ya kilomita 1,100, likiunguza dizeli njia nzima, matairi yakiisha, kisha linarudi tupu. Gharama yote hiyo iko ndani ya lita yako. Na wewe wa Igombe una afadhali kuliko wenzako wa Ukara au Goziba. Kule mafuta yanapakiwa kwenye mapipa na madumu, yanavushwa kwa boti, yanapimwa kwa chupa ufukweni, na kila mkono unaoyapokea unaongeza chake. Nimesimama ufukweni kisiwani nikatazama kijana akinyonya mpira mdomoni ili kuhamisha petroli kutoka pipa kwenda dumu, na hatua tano tu kutoka hapo mama mmoja anakaanga samaki kwa kuni. Niliondoka moyo ukiwa mzito.

Ndiyo maana nasema tutolee macho reli. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, na treni moja ya mabehewa ya matangi inabeba kile ambacho kingehitaji msururu wa malori. Kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021. Kikikamilika na kuungana na vipande vingine hadi bandarini, na yakiwapo matangi makubwa ya kupokelea hapa kwetu, tabaka la safari ndilo litakaloshuka. Huo ndio mradi ambao mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa anapaswa kumuuliza mbunge wake kila anapomwona: umefika wapi, na matangi yako wapi? Wenzetu wa Kenya walikamilisha gati la mafuta Kisumu mwaka 2018, na mafuta yanayofika Kisumu kwa bomba yanapakiwa kwenye meli za matangi na kuvushwa juu ya ziwa hilihili hadi ghala lililo ufukweni karibu na Entebbe. Sisi tunalo karibu nusu ya ziwa lote, na dizeli bado inatufikia kwa mgongo wa lori.

Kuna jambo moja upande wa Uganda ambalo lingeweza kukugusa siku moja, nalo ni kiwanda cha kusafishia wanachopanga kujenga palepale Kabaale, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Mwaka 2025 walisaini makubaliano na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu. Mpango wao una bomba jingine la kupeleka petroli na dizeli hadi wilaya ya Mpigi, si mbali na ziwa. Kiwanda hicho kikisimama, petroli itakuwa ng'ambo ya maji tu. Hata hivyo usije ukadhani itauzwa bei ya kutupa. Mwenye kiwanda huangalia petroli ya Dar es Salaam inafika Mwanza kwa kiasi gani, naye anauza chini yake kidogo tu. Nafuu itakuwepo, ya shilingi kadhaa kwa lita, na uhakika wa kupata mafuta bandari ikikwama. Mimi hilo naliona kubwa, lakini kwanza kijengwe.

Kuhusu gesi ya binti yako, hapa pana mkanganyiko ambao hata wasomi wanao. Gesi zenyewe ni mbili tofauti. Ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay huko Mtwara, iliyogunduliwa 1982, ni gesi asilia, na sehemu yake kubwa ni methani. Haikubali kuwa kimiminika mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo huwezi kuifungia kwenye mtungi wa kilo 6 ukampa mtu wa bodaboda abebe. Inasafiri kwa bomba, au inashindiliwa kwa nguvu kubwa sana kwenye mitungi minene kama ile ya bajaji na teksi za Dar es Salaam. Tunayo nyingi, futi za ujazo zaidi ya trilioni 57 zimegunduliwa, nyingi zikiwa chini ya bahari kuu. Inazalisha sehemu ya umeme wa gridi, kwa hiyo unapowasha taa Igombe umekwisha kuigusa. Ule mradi mkubwa wa Lindi wa kuipoza na kuiuza nje, mazungumzo yake yamechukua miaka, na ndio unaonisikitisha kuliko yote, kwa sababu wanunuzi wa dunia hawatusubiri.

Ya kwenye mtungi ni propani na butani. Hizo zinakubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu, na nyingi hupatikana kwenye viwanda vya kusafishia mafuta na kwenye visima vya nchi nyingine. Karibu yote tunayopikia inakuja kwa meli, inashushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha inapanda lori lilelile la kilomita 1,100. Serikali imejiwekea mkakati wa miaka kumi, kuanzia 2024 hadi 2034, ili asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Naunga mkono kwa moyo wote, nimeona macho ya mama zetu yanavyoharibiwa na moshi. Ila gesi ya mtungi haina bei kikomo kama ya petroli, kila muuzaji anapanga yake, na hilo linampa mamalishe mzigo.

Mwambie binti yako afanye kitu kimoja. Kwenye shingo ya kila mtungi pamegongwa au kuandikwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Akinunua, aombe upimwe kwenye mizani palepale dukani. Mtungi wa kilo 6 ukipimwa, toa uzito wa chuma, kilo 6 za gesi lazima zionekane. Zikiwa 5 na robo asiupokee, hata kama muuzaji ni jirani. Mtu anayepika kutwa, ile robo tatu ya kilo ni chakula cha watu wengi.

Sasa swali lako la ziwa. Hilo nimelipenda, na siku nikija Igombe nitakuonyesha jibu lake kwa kidole.

Panda daladala hadi mjini, shuka upande wa Capri Point, tazama Jiwe la Bismarck pale majini. Lile ni jiwe la kale mno, umri wake unahesabiwa kwa mabilioni ya miaka. Ndilo jiwe lililo chini ya Mwanza yote, ndilo lililo chini ya ziwa. Mafuta hayazaliwi kwenye jiwe la namna hiyo. Yanazaliwa pale ambapo matope yenye mabaki ya mimea na vijidudu vya majini yamerundikana kwa kina cha kilomita kadhaa, yakafunikwa, yakaiva kwa joto la ardhi miaka mamilioni. Ziwa Albert limekaa ndani ya Bonde la Ufa, kwenye shimo refu lililojaa matope ya namna hiyo, na Waganda wakathibitisha mafuta yao mwaka 2006. Ziwa letu ni pana kuliko yote Afrika lakini ni kama sinia. Kina chake cha juu ni kama mita 80, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Limelala kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na matope yake ni membamba. Tena lilikwisha kukauka zamani, kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya. Jiwe letu la kale lilituwekea dhahabu, ndiyo hiyo ya Geita. Mafuta halikutuwekea.

Ukitaka tumaini la karibu, liko nchi kavu. TPDC inatafiti bonde la Eyasi Wembere, linalogusa Simiyu, Singida, Tabora na mikoa jirani, na wamekuwa wakipima tabaka za chini kwa mitetemo. Kule kuna shimo la Bonde la Ufa lenye matope. Kutafiti si kupata, na kutoka kupata hadi kukaribia kuuza Waganda wametumia karibu miaka 20. Mjukuu wako huenda akaona.

Nimalizie kwa jambo ambalo hukuniuliza. Sehemu kubwa ya njia ya bomba, karibu theluthi, imo ndani ya bonde ambalo maji yake yote huteremkia Ziwa Victoria, na bomba linavuka Mto Kagera, ambao ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia humu. Mimi si mpinzani wa bomba. Nimeona miaka mingapi nchi yetu inatafuta fedha. Lakini waliopisha njia walithaminiwa ardhi yao kuanzia 2018 na wengi walikaa miaka kabla ya kulipwa, wakiwa wameambiwa wasipande mazao ya kudumu, na jambo hilo halikuwa sawa. Ucheleweshaji wa namna hiyo siku mafuta yamevuja mtoni hautavumilika. Mafuta yale yakitoka kwenye joto na kukutana na maji ya ziwa yataganda vipandevipande, yatashika kwenye matete wanakozalia samaki, yatashika kwenye nyavu zako. Jiji la Mwanza linakunywa maji hayohayo, yanavutwa Capri Point na Butimba.

Ulinzi umewekwa: bomba limezikwa, lina vali za kufunga kipande kilichoharibika, na vifaa vya kugundua uvujaji. Ninachotaka kujua ni kitakachofuata baada ya kengele kulia. Mkiwa na mkutano wa BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, mwite afisa uvuvi na umuulize mbele ya watu: mafuta yakionekana juu ya maji, mvuvi apige simu namba gani? Vizuizi vya kuzingira mafuta vimehifadhiwa wapi, Bukoba au Dar es Salaam? Vikitoka huko vinafika kwa saa ngapi? Nyavu zikichafuka nani analipa, na kwa fomu ipi? Muulize hivyohivyo kuhusu meli na maboti yanayobeba petroli visiwani, maana hayo yanapita kila siku, bomba liwepo lisiwepo. Andika majibu yake kwenye daftari lako la mahesabu ya dagaa, na tarehe, kisha nitumie.